Mashine ya boti inayozima ukirudisha mafuta

Kaka, umesema Yamaha yako ya nguvu ya farasi 40, ya mipigo miwili (two-stroke), inakwenda vizuri ikiwa kasi, ila ukirudisha mafuta, yaani ukipunguza mwendo, uingie gatini inatetema na kuzima. Basi shuku njia ya sailensa, yaani inayopitisha mafuta mashine ikinguruma taratibu, ndani ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Jeti yake ndogo, kile kipande kinachopimia mafuta, tundu lake ni kama la sindano, na petroli ikilala muda mrefu huacha utando wa kahawia unaonata.

Kabla hujafungua kitu, minya ule mpira wa kusukumia mafuta mashine inapotaka kuzima. Ikichangamka, mafuta hayafiki sawasawa. Kagua paipu kama inavuta hewa, na chujio. Plagi zikiwa zimelowa oili, angalia mchanganyiko: nyingi ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli.

Ikibaki vilevile, safisha jeti kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Waya usitie kabisa! Mimi nilichokonoa, tundu likapanuka, nikanunua jeti nyingine. Skrubu ya hewa, hesabu mizunguko ukiikaza taratibu kabla ya kuitoa, uirudishe hivyohivyo. Na usiiwashe nchi kavu bila maji, utaunguza mpira wa pampu ya maji ya kupoza mashine.