Kamera ya Geti: Imwone Mwizi, Imwache Jirani

Kabla fundi hajatoboa ukuta, mpandishe ngazi akiwa ameshika kamera, nawe utazame picha yake kwenye simu. Ukiona mlango wa mpangaji au dirisha la ploti ya jirani, mwambie asogee. Ni kazi ya dakika kumi, na ugomvi mwingi wa kamera katika ploti za Nairobi huanza kwa sababu haikufanywa.

Kamera nyingi za Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya elektroniki jijini Nairobi, zina lenzi ya milimita 2.8. Huona upana wa nyuzi zaidi ya 100, ndiyo maana wanunuzi huipenda. Getini haifai. Kamera ya megapikseli 2 yenye lenzi hiyo hutoa sura ya kutambulika mtu akiwa mita 3 hivi. Akisimama mita 8 utaona koti na kofia tu. Lenzi ya milimita 6 huona eneo jembamba, lakini sura husomeka mpaka karibu mita 7, na nyumba za pembeni hubaki nje ya picha. Kwa hiyo inayomkamata mwizi vizuri ndiyo hiyo hiyo inayomsumbua jirani kidogo. Ifunge mita 2.5 hadi 3 kutoka chini, kwani ikipanda zaidi utarekodi utosi wa watu. Ondoa utando wa buibui, maana usiku humulikwa na taa ya kamera na kufunika picha nzima kwa weupe.

Mlango wa mtu usipoepukika, ingia kwenye menyu ya kinasa, kile mafundi wanachokiita DVR, uufunike kwa kisanduku cheusi. Kisha mwonyeshe mwenye mlango picha hiyo. Anayetazamwa ana haki ya kujua kinachoonekana.

Fundi akimaliza, asiondoke kabla hujajua kinasa kimesajiliwa kwa simu ya nani. Kikiwa kwenye akaunti yake, ataendelea kuona korido yenu akiwa kwao. Akitoe mbele yako, ukisajili upya, ubadilishe nywila ya kiwandani. Mlinzi mfungulie akaunti yake ya kutazama moja kwa moja tu, bila ruhusa ya kurudisha nyuma wala kunakili.

Kunakili na kusambaza rekodi ndiko kwenye madhara makubwa. Kipande cha mpangaji akiingia saa nane za usiku na mgeni hakina uhusiano wowote na usalama, lakini kikifika kwenye kundi la WhatsApp la ploti hakirudi tena. Kamera ya ndani ya nyumba yako ni jambo la kinyumbani. Ya ploti yenye wapangaji iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja jijini shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Na hata anayeshukiwa wizi, usimsambaze. Mnajua umati wa mtaani hufanya nini ukishasikia neno mwizi, na sura iliyofifia hufanana na watu wengi.

Wizi ukitokea, nakili rekodi asili kwenye flashi siku hiyo hiyo. Kamera 4 za megapikseli 2, kila moja ikirekodi megabiti 2 kwa sekunde, hula gigabaiti 86 hivi kwa siku; diski ya terabaiti 1 hujaa kwa siku 11, kisha huanza kufuta za zamani. Usitegemee kipande cha WhatsApp, maana hubanwa na sura hupotea. Linganisha saa ya kinasa na ya simu, uandike tofauti yake: betri yake ndogo ikiisha, kila stima inapopotea saa huvurugika. Ripoti kituoni, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kesi ikifika mahakamani, aliyenakili atahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachothibitisha rekodi ya kielektroniki, kwa hiyo anayenakili awe mtu mmoja anayejulikana.

Wapangaji waarifiwe kwa maneno: saa ngapi, geti gani, kimeibiwa nini. Getini bandika kibao: "Kamera zinarekodi kwa usalama. Rekodi hukaa siku 11. Msimamizi ni fulani, namba yake hii."