Oili chafu kwenye dumu la dawa ya wadudu

SWALI: Nilimwaga oili ya injini kwenye dumu lililokuwa na dawa ya wadudu. Nililisuuza mara 3. Je, kituo cha kukusanya oili chafu kitaipokea?

JIBU: Tafadhali usiimimine kwenye tangi lao, ndugu yangu. Kusuuza hakutoshi, plastiki hufyonza sumu. Nimepokea oili kituoni kwa miaka, na niliwahi kuona dumu moja lenye dawa ya kusafishia breki likiharibu tangi zima. Dawa hiyo ilikuwa na klorini, kwa hiyo oili yote ikahesabiwa taka ya sumu. Iliniuma sana. Mweleze mhudumu ukweli, aiweke kando. Safari ijayo tumia dumu la oili lenyewe, na usichanganye petroli, rangi wala maji ya rejeta.