Poseleni ya 60 kwa 60 inanikatikia kombo: ninunue mashine kubwa zaidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nilianza kazi ya kuweka vigae hapa Morogoro mwaka jana. Nina mashine ya mkono ya kukatia vigae, ya sentimita 60, ile ya reli mbili nyembamba, nilinunua Gerezani, Dar es Salaam. Vigae vya ukutani vya 25 kwa 40 inavikata bila shida. Tatizo ni poseleni ya sakafuni, 60 kwa 60. Vingi vinakwenda kombo katikati, na vingine vinakatika vizuri halafu kona ya mwisho inabaki na kipande. Mwenye nyumba ananikata hela kwa kila kigae kinachoharibika. Je, ninunue ya sentimita 80, au niachane nazo nitumie grenda ya umeme tu? Gurudumu la kukatia linabadilishwa baada ya muda gani? Na hii ya zamani niiuze?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usikimbilie dukani. Kwa maelezo yako, urefu wa mashine huenda si tatizo kabisa, na ukinunua ya sentimita 80 yenye reli legelege kama hiyo utaendelea kukatwa hela zilezile.

Ujue kwanza kwamba mashine hii, pamoja na jina lake, haikati. Inachora mstari, kisha inavunja. Gurudumu linakwaruza uso wa kigae na kuanzisha ufa mdogo sana. Ukishusha mguu wa kuvunjia, kigae kinabanwa pande mbili za mstari huku mgongo wa chuma ukikisukuma kutoka chini. Uso wa juu unavutwa, na kigae ni kitu kinachostahimili kubanwa lakini hakistahimili kuvutwa, kwa hiyo ufa unashuka kutoka juu hadi chini. Fundi vioo anafanya hivyohivyo na kalamu yake ya almasi. Ufa unafuata njia iliyo rahisi kwake. Mstari ukiwa mzima, njia rahisi ni mstari wako. Ukiwa umeruka hata sentimita moja, ufa ukifika hapo unajichagulia njia.

Hapo ndipo poseleni inapotofautiana na vigae vyako vya ukutani. Kigae cha seramiki cha ukutani kina matundu mengi madogo ndani na kinanyonya maji, mara nyingi zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Poseleni hainyonyi zaidi ya nusu asilimia. Boksi lake likiwa na alama ya BIa, maana yake ni hiyo. Kama boksi limetupwa, dondosha tone la maji mgongoni mwa kigae. Kwenye seramiki litanyweka mbele ya macho yako, kwenye poseleni litakaa. Udongo ulioshikamana namna hiyo ni mgumu na hausamehe. Seramiki inaweza kukubali mstari mbovu ikavunjika vizuri, ndiyo maana hukuona kasoro mapema.

Sasa jaribu hili kabla ya kutoa shilingi. Chukua kipande cha kigae kilichoharibika, kiweke kwenye mashine, chora mstari mmoja, usivunje. Kitoe ukiangalie kwenye mwanga kwa pembeni. Unatafuta mstari mwembamba, wa upana uleule, usiokatika kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiona vitone vitone, gurudumu limeisha, limekwama kwenye ekseli yake, au hugandamizi vya kutosha. Ukiona mstari mpana mweupe wenye unga na kingo zilizomegeka, umegandamiza kupita kiasi au umepita mara mbili. Ukiona mstari umepinda kidogo katikati, hiyo ni reli.

Na sikio lifanye kazi. Gurudumu zima likipita juu ya poseleni linatoa mlio mmoja wa mfululizo. Ukisikia mlio unakatika katikati, hapo mstari umeruka, na ukivunja hapohapo kigae kitakwenda kombo.

Kosa ninaloliona kwa vijana wengi saitini ni kurudia mstari. Anapita mara ya kwanza, hana uhakika, anapita tena "kuukoleza". Gurudumu halirudi kwenye njia ileile, hasa kwa mashine yenye reli iliyolegea, kwa hiyo unapata mistari miwili inayokaribiana na ufa unarukaruka kati yake. Zaidi ya hapo, gurudumu linalopita kwenye mfereji wenye unga wa kigae linajimaliza lenyewe. Pita mara moja tu. Kama mara moja haikutoka vizuri, mara nyingi ni nafuu kukitumia kigae hicho kwa kipande kifupi cha skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, kuliko kubahatisha.

Kuhusu ile kona ya mwisho inayobaki: karibu kila mara mstari haukufika ukingoni. Anza kuchora ukiwa umeliweka gurudumu juu kabisa ya ukingo, si sentimita moja ndani yake, na umalize hadi litoke upande wa pili. Unapokaribia kutoka punguza nguvu ya mkono, vinginevyo gurudumu litadondoka kwa kishindo na kumega kona. Kisha angalia mguu wa kuvunjia unaukanyagisha wapi. Usiuweke katikati ya kigae. Uweke karibu na ukingo, kiasi cha sentimita moja au mbili ndani, ukandamize taratibu, bila kupiga. Kwa poseleni kubwa mimi hukandamiza kidogo upande mmoja mpaka nisikie ufa umeanza, halafu nahamia upande wa pili ndipo namalizia. Kigae cha 60 kwa 60 kina mikazo iliyobaki ndani yake tangu kilipopoa kutoka kwenye tanuri, na ukikivunja kwa pigo moja mikazo hiyo inaweza kuuvuta ufa pembeni. Ndiyo maana pia kukata kigae katikati ni rahisi kuliko kukata ukanda mwembamba: upande mpana ni mgumu kupinda, ule mwembamba unapinda, na ufa huelekea upande unaopinda.

Kwa hiyo ukanda wa chini ya sentimita 3 kwenye poseleni ya milimita 9 au 10, usiuombe kwa mashine ya mkono. Bora zaidi, panga sakafu usiuhitaji. Tuseme chumba kina upana wa mita 3.05 na unaacha nafasi ya milimita 3 kati ya vigae. Ukianza na kigae kizima ukutani utaweka vitano, halafu utabakiwa na kama sentimita 3 na nusu za kuhangaika nazo ukuta mzima. Weka vizima vinne katikati, na kila upande utapata kipande cha karibu sentimita 32. Kinakatika bila kelele, na macho ya mwenye nyumba yatakishukuru. Hesabu hii inafanyika kwa penseli kabla hujakoroga gundi, na inaokoa vigae vingi kuliko mashine yoyote.

Sasa gurudumu. Hakuna muda maalumu wa kulibadilisha. Gurudumu la tungsteni kabaidi linalokata seramiki linaishi muda mrefu mno kuliko lile linalokata poseleni kila siku. Libadilishe mlio unapoanza kukatika, au unapojikuta unaongeza nguvu kwa kazi ileile. Kabla ya kulitupa hakikisha linazunguka: vumbi lililoganda kwenye ekseli linalizuia, na gurudumu lisilozunguka linaburuzwa, linapata ubapa upande mmoja na kufa siku hiyohiyo. Lipulize au lisugue kwa brashi jioni, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, basi. Mafuta yasizidi, yakidondoka kwenye kigae yanaweza kuacha doa kwenye ukingo uliokatwa.

Ukubwa wa gurudumu nao una maana. Madogo, ya milimita 6 hadi 10, yanaweka nguvu mahali padogo na yanafaa uso laini, pamoja na poseleni inayong'aa. Makubwa ya milimita 18 au 22 yanapita juu ya uso wenye mabonde, kama vigae vya varanda visivyoteleza, bila kuruka. Mashine nyingi za bei ndogo huja na kubwa. Si zote zinakubali dogo, kwa hiyo nenda dukani na gurudumu la zamani mkononi. Kuna vipimo vitatu vya kulinganisha: kipenyo cha nje, tundu la katikati na unene. Tundu likizidi hata kidogo gurudumu litayumba, na hapo umerudi kwenye mstari uliopinda.

Nimeiacha reli mwisho kwa sababu ndiyo pekee usiyoweza kuirekebisha kwa mazoezi. Shika mkono wa mashine ukiwa katikati ya reli, uyumbishe kushoto na kulia. Ukiona kichwa kinachobeba gurudumu kinacheza, kaza bolti zake kwanza. Kikiendelea kucheza baada ya kukaza, au ukiona reli zenyewe zinapinda juu unapogandamiza, basi hiyo mashine ni ya seramiki na poseleni inaionea tu. Reli mbili si kasoro. Zipo mashine za reli mbili nene zinazofanya kazi nzito miaka mingi, na zipo za reli moja nene yenye beringi, ambazo mimi nazipenda kwa kuwa unauona mstari wako vizuri. Kinachokuumiza ni wembamba wa reli.

Ukiamua kununua, ufanye mtihani huohuo wa kuyumbisha palepale dukani. Muuzaji akikuzuia kugusa mashine, toka, maduka yako mengi. Angalia mgongo wa chuma wa chini kama umenyooka, na zile mbao mbili zenye mpira, ambazo kigae kinalala juu yake, kama zinashuka na kurudi kwa springi sawasawa. Kagua pembe ya mwongozo, ule ukingo unaokiegemeza kigae, kwa kuilinganisha na pembe mraba ya kadibodi: pima sentimita 30 upande mmoja, 40 upande mwingine, na mshazari uwe 50 kamili. Nguvu ya kuvunja inayoandikwa kwa kilo kwenye boksi, 600 au 800 au zaidi, iwe ya kulinganisha tu. Mashine iliyonyooka yenye kilo chache inaishinda iliyopinda yenye kilo nyingi.

Urefu unahusika mahali pamoja: kukata mshazari. Kigae cha 60 kwa 60 kina mshazari wa karibu sentimita 85, kwa hiyo hata hiyo ya 80 unayoitamani haitaukata. Cha 40 kwa 40 kina mshazari wa kama sentimita 57, na ya 60 inautosha. Kama wateja wako hawaombi vigae vya mshazari, 60 imara inatosha. Kama wanaomba, ruka moja kwa moja hadi 90 au zaidi.

Ulipouliza kuhusu grenda, nimepata wasiwasi kidogo. Grenda unaihitaji, hilo halina ubishi. Mashine ya mkono haikati umbo la L kuzunguka nguzo ya mlango, haitoboi tundu la bomba, wala haichukui ukanda mwembamba. Lakini kuitumia kwa kila kipande ni kujiua polepole. Vumbi la kigae lina silika ya fuwele, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, na vumbi lake laini likiingia mapafuni husababisha silikosisi, ugonjwa ambao hauponi. Tangu 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mashine ya mkono karibu haitoi vumbi hilo. Unapotumia grenda, katia nje, msaidizi amwagie maji kidogo kidogo akiwa mbali na waya, mvae barakoa ya N95 nyote wawili, si kitambaa. Na miwani, hata kwa mashine ya mkono, maana vigamba vya poseleni vinaruka wakati wa kuvunja. Kisha kuna suala la umeme: ukikatika, wenye grenda tu wanakaa kivulini wakisubiri, wewe unaendelea.

Kwa wasiojua, wazo hili la kuchora na kuvunja kwa mashine moja lilikuzwa na kina Boada, ndugu wa Kihispania, mwaka 1951 kwenye mji wa Rubí karibu na Barcelona, na chapa ya Rubi imechukua jina la mji huo. Wenzetu wa huko walikuwa wanataka kukata vigae vya saruji vya sakafuni bila nyundo na tindo.

Jambo la mwisho ni malipo. Kwenye makubaliano yako weka asilimia ya vigae vya akiba, wengi tunaongeza 10 kwa mpango wa kawaida na 15 kwa mshazari, na mwenye nyumba avinunue pamoja na vingine ili rangi zilingane. Ndani ya hiyo asilimia, kigae kilichovunjika si deni lako.

Hiyo mashine ya zamani usiiuze. Hata ukipata mpya, ibaki kwa vigae vya ukutani, na hiyo mpya uilinde kwa kazi za poseleni tu.