Usiezue paa lote la nyumba ya nyanya siku moja

Ndugu, achana na rangi kwanza. Umesema Pasaka hii mnatoka Nakuru na watoto kwenda kwa nyanya Kakamega, Jumamosi mnaezua mabati yote na kuweka mapya, Jumapili mnapaka rangi, halafu unauliza mabati yawe ya geji gani, yaani unene gani, na watoto wapewe kazi ipi. Paa lote? Jumamosi moja? Masika? Nani amewadanganya?

Sisi alitudanganya fundi, tulipoezua paa la nyanya yetu kulekule Kakamega. Mjomba ndiye aliyemleta, akaja kukagua na penseli sikioni, akatazama juu kutoka mlangoni. Hata ngazi hakuomba. "Kuezua ni asubuhi, saa nane tunapiga msumari wa mwisho." Na sisi, watu wazima na vyeti vyetu, tukaitikia.

Saa nne mabati yalikuwa yamelala kwenye nyasi. Hapo ndipo bwana fundi akagundua mbao zimeliwa na mchwa. Ukizitazama kwa chini ni nzima kabisa. Ukigonga, ganda linapasuka na ndani ni vumbi, na msumari haushiki vumbi. Ikabidi mtu atumwe mjini kutafuta mbao, zikaja kwa boda, ndefu kuliko boda yenyewe. Wanaoijua Kakamega wanajua mchana huwa kunaenda vipi. Saa tisa mawingu yakashuka kutoka upande wa Nandi, wala hayakuja kusalimia.

Sasa sikia, hapa ndipo pesa zilipoishia. Nyumba ya nyanya yetu ni ya udongo, imesiribwa simiti kwa nje na ndani. Ukuta wa hivyo mvua ya pembeni hauijali. Unachoogopa ni maji ya kutoka juu, pale kichwani mwa ukuta ambapo hakuna simiti na paa ndilo linalofunika. Niliyaona yakiingia nyuma ya plasta, plasta ikafura kama andazi, kisha kipande kikubwa kikajimwaga kitandani. Ukuta wa kati ya chumba chake na sebule ukafuata, taratibu, kama unayeona aibu. Magunia ya mahindi tuliyokuwa tumeyasukuma huko "yasitusumbue" yakalowa yote. Kuku walishatoka mapema, wao wana akili. Nyanya alikuwa jikoni, kile chumba cha nje, akatuuliza kwa upole kabisa: "Kwani lile bati la zamani lilikuwa linavuja wapi hasa?"

Lilikuwa linavuja kando ya dirisha. Sufuria moja ilitosha.

Fundi naye akasema anakimbia kuleta turubai. Mpaka leo mteja hapatikani kwa sasa. Malipo ya nusu alikuwa ameshachukua, na mjomba akiulizwa anaanza kuongea habari za siasa. Kukandika upya, simiti, mbao, mahindi ya kununua: bei ya mabati ikaonekana ni chai tu. Jumapili watoto walitakiwa shule, tukaondoka nyanya akilala kwa jirani. Mtu wa umri wake!

Kwa hiyo: usiezue kipande ambacho hamwezi kukifunika kabla ya saa saba mchana. Upande mmoja uishe, ndipo muguse wa pili, hata fundi akicheka. Na kabla ya hiyo wikendi mtu apande ngazi na kisu, achokoe kila mbao, hasa pale inapokalia ukuta. Kisu kikizama, hiyo si kazi ya wikendi tena, mwambie nyanya ukweli mpange upya.

Geji: namba ikipanda bati linakuwa jembamba. 32 ni nyembamba kuliko 30, mtu wa hadiwea asikuzungushe. Misumari iwe yenye mpira, ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita. Watoto waokote misumari ya zamani kwenye nyasi, wakiwa na viatu. Rangi mtajuana wenyewe.

Lakini Pasaka, ndugu? Pasaka haikwepi masika. Pigeni kiraka panapovuja, mle kuku, paa mlirudie Januari. Mkikataa, basi turubai nunueni hukohuko Nakuru, likae ndani ya gari, asitumwe mtu.