Montreal Haikulazimishi Kujifunza Kifaransa, na Hapo Ndipo Unapokwama

Mwezi uliopita nilipata matokeo niliyoyangoja kwa miaka minne: nimefaulu mtihani wa Kifaransa ambao wauguzi wasiosomea kwa lugha hiyo hutakiwa kuupita kabla ya kupewa leseni ya kudumu hapa Quebec.

Nilitoka Morogoro nikiamini kwamba Kiingereza kingenitosha, kwa kuwa Kanada ina lugha rasmi mbili tangu 1969. Sikuzingatia kwamba jimbo la Quebec lina lugha rasmi moja tu, na kwamba sheria yake ya 1977 inawataka wanataaluma wakijue Kifaransa kwa kiwango kinachofaa kazi yao. Montreal, jiji kubwa la jimbo hilo, hukufichia jambo hilo. Muuzaji hukupokea kwa “Bonjour, hi”, salamu ya Kifaransa na ya Kiingereza kwa pamoja, ukijibu kwa Kiingereza naye anakufuata huko huko, na mwaka unakwisha hujui hata kuagiza mkate. Mimi nilipoteza miaka miwili.

Kisha jirani alinialika “dîner” siku ya Jumapili. Kitabu changu, kilichotungwa Ufaransa, kilisema hicho ni chakula cha usiku, nami nikabisha hodi saa kumi na mbili jioni nikiwa na sahani ya sambusa, ilhali familia nzima ilikuwa imeningoja tangu saa sita mchana. Kwa watu wa Quebec, “déjeuner” ni chai ya asubuhi, “dîner” ni chakula cha mchana, na cha usiku ni “souper”. Mama mwenye nyumba alinipashia supu bila lawama. Kilichoniuma, na bado kinaniuma, ni mfanyakazi mwenzangu niliyemweleza mkasa huo, aliyewasimulia wengine mbele yangu kwa Kifaransa cha haraka akidhani sielewi. Nilielewa yote, ila sikuwa na sentensi hata moja ya kumjibu.

Ndugu yangu unayejiandaa kuja, usijifiche ndani ya Kiingereza kama nilivyojificha mimi. Jiandikishe Francisation Québec, huduma ya serikali ya jimbo ya kufundisha Kifaransa, ambako madarasa ni ya bure, lakini usiishie darasani. Mtu akikugeukia kwa Kiingereza, mwombe kwa adabu aendelee kwa Kifaransa, na kesho mwombe tena. Kaa na wazee, kwa maana wao hawana haraka. Bibi mmoja wodini alikuwa akinyoosha mkono nimpime shinikizo la damu, kisha anaurudisha chini ya shuka hadi niseme “le bras” (mkono), si “la bras”, kwa kuwa neno hilo kwa Kifaransa ni la kiume.