Viongozi wapya kituo cha sanaa: majibu kwa barua zenu

Tangu kituo cha sanaa cha jamii hapa Mji wa Kale, Lamu, kitangaze mkurugenzi mpya, mratibu mpya wa mafunzo na mhasibu wa kwanza wa kudumu, barua zimemiminika. Kituo hakifanyi biashara, kinaishi kwa ufadhili, na watoto wetu huenda pale kujifunza kuchora, kutia nakshi na kusuka. Nimechukua maswali yaliyorudiwa zaidi.

Mkurugenzi katolewa Nairobi. Kwani Lamu hakuna watu? (Mzazi, Langoni)

Watu wapo, na uchungu wako naufahamu. Lakini nusu ya kazi ya mkurugenzi ni kuandika maombi ya ufadhili, kuketi na bodi na kujibu wakaguzi, na aliyewahi kuifanya hawezi kudharauliwa kwa sababu ya alikotoka. Ninachodai mimi ni kwamba akae na watu kwanza. Awasikilize watu wa mitaa ya Mkomani na Langoni, afike kijiji cha Matondoni kwa wasukaji wa mikeka na mafundi wa majahazi, kabla hajagusa ratiba hata moja. Na bodi iandike kwenye mkataba wake kwamba atamwandaa naibu kutoka hapa hapa, naibu anayeshika bajeti, si wa kupokea wageni tu.

Nimefundisha vijana nakshi miaka mingi, cheti sina. Nasikia mratibu anataka vyeti. Nitaachwa? (Fundi, Mkomani)

Ami, swali lako ndilo zito kuliko yote. Kituo bila wewe ni jengo lenye meza. Kijana haanzi na mlango. Anaanza kwa kunoa patasi na kupiga msasa, kisha anapewa kipande cha mbao achonge mstari mmoja, aurudie mpaka unyooke. Wewe ukiwa umempa mgongo unajua kwa mlio wa nyundo kwamba patasi imelala vibaya. Ndipo afike kwenye sehemu za mlango wenyewe, mfaa wa katikati, miimo na kizingiti, kila kimoja na nakshi yake. Hakuna aliyesomea usimamizi akayajua hayo. Na kazi yenyewe inahitajika: Mji wa Kale uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na nyumba zake zikikarabatiwa zinataka mikono inayojua chokaa, boriti na nakshi.

Hata hivyo, usiikatae karatasi. Mfadhili akiuliza nani anafundisha, kituo lazima kijibu, na asiye na hati huishia kulipwa kama kibarua. Njia zipo. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, huwapa mafundi waliojifunzia kazini mitihani ya ufundi, na KNQA, mamlaka ya taifa inayosimamia vyeti na sifa za masomo, husimamia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mratibu ndiye wa kulishughulikia hilo: ajaze fomu pamoja nawe, kituo kilipe ada, nawe uendelee kufundisha kwa mkataba ulioandikwa. Akikwambia ukatafute cheti kwanza ndipo urudi, nenda kwa bodi, tena uende na mafundi wenzako.

Binti yangu wa miaka 11 anapenda kuchora. Saa za madrasa je? Na nani yuko naye mle ndani? (Mama, Shela)

Ratiba ya kituo ndiyo ifuate ya madrasa, na ya siku za Maulidi vilevile. Mratibu asiyelijua hilo aambiwe wiki ya kwanza.

Kuhusu usalama, uliza bila kuona haya. Kila mkufunzi awe na hati ya tabia njema ya polisi, pamoja na wageni wanaokuja kujitolea kwa miezi michache. Awepo mwanamke mtu mzima darasani, na mlango uwe wazi. Mwanao asipigwe picha za kuonyeshwa wafadhili kabla hujatia saini. Sheria ya Watoto ya 2022 iko upande wako, na simu ya bure ya kuwasaidia watoto ni 116.

Mishahara ya hawa watatu inatoka wapi? (Kijana, Mokowe)

Mara nyingi inatoka katika fedha za mradi, na mradi una mwisho. Ndiyo maana mimi nimefurahia mhasibu kuliko wote. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013 ikaanza kutumika Mei 2024, na shirika lililosajiliwa chini yake hutakiwa kuweka hesabu na kupeleka ripoti kila mwaka. Nyinyi ombeni ukurasa mmoja ubandikwe mlangoni, kwa Kiswahili: zimeingia ngapi, mishahara ngapi, mbao na rangi ngapi.

Mwanangu yuko gredi ya 9. Kituo kitamtafutia nafasi sekondari ya juu? (Baba, Langoni)

Hapana, nafasi hupangwa na wizara. Lakini kama anataka njia ya sanaa, aanze sasa kuweka kazi zake kwenye jalada, kila moja na tarehe.

Mkurugenzi wa zamani akiondoka, vitu vitabaki salama? (Mwanafunzi wa zamani, Mkomani)

Vitabaki vikiandikwa. Makabidhiano yataje vifaa, kazi za wanafunzi, watia saini wa benki na maneno ya siri ya barua pepe, kisha anayetoka, anayeingia na mjumbe wa bodi watie saini. Kama una mchoro uliouacha ukutani pale, nenda wiki hii na picha yake, uandikwe kwa jina lako kabla orodha haijafungwa.