Saa 112 nilizokopa nyumbani

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Wewe mwenye kazi na familia, muda wa jambo lako mwenyewe unautoa wapi?" Jibu langu fupi ni kwamba niliukopa, na sijamaliza kulipa. Refu ndilo hili.

Nina duka Machomane, hapa Chake Chake. Duka la kawaida: unga, sukari, vocha, na asubuhi bofulo. Mke wangu ni muuguzi, anaingia zamu, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Tuna watoto watatu. Mkubwa wakati ule alikuwa darasa la sita na mdogo hajatimiza miaka mitatu. Mwezi wa Oktoba 2024, nikiwa na umri wa miaka 41 na kitambi cha mtu anayekaa juu ya stuli kutwa, nikatangaza kuwa mwisho wa Februari nakwenda Moshi kukimbia Kilimanjaro Marathon. Si zile kilomita 5 za kujifurahisha, wala nusu yake ya 21. Nzima, kilomita 42 na mita 195.

Sababu sitaieleza sana. Marehemu baba aliondoka na sukari, na siku nilipokwenda kupima ya kwangu, mpimaji alikitazama kile kipimo akanyamaza kuliko nilivyopenda. Basi.

Mke wangu hakuniuliza kwa nini nikimbie. Aliuliza kwa nini isiwe 40 kamili. Swali zuri. Mbio za kwanza, Athens mwaka 1896, zilikuwa kiasi cha kilomita 40. Mwaka 1908 zikafanyika London, zikaanzia kwenye kasri la mfalme la Windsor na kumalizikia mbele ya jukwaa la wakubwa uwanjani, na njia hiyo ikapimika 42.195. Mwaka 1921 urefu huo ukawekwa rasmi dunia nzima. "Kwa hiyo," akasema, "hizo mbili za juu unakimbia kwa ajili ya mfalme wa Kiingereza." Sikuwa na la kujibu.

Sasa huo muda. Kila anayeulizwa husema, "Mimi naamka mapema." Na mimi nilisema hivyohivyo. Naswali alfajiri msikitini, natoka na raba zangu za mtumba, saa kumi na mbili na nusu nimerudi. Kwenye karatasi ilikaa vizuri. Lakini saa kumi na mbili ndiyo saa watu wanataka bofulo na majani ya chai, kwa hiyo duka alifungua mdogo wangu, ambaye ana shughuli zake. Na watoto wa skuli wanahitaji mtu wa kuwaamsha, kuwatia chai, kutafuta soksi ya pili. Mtu huyo alikuwa nani? Mwanamme akikwambia anaamka mapema kwa ajili ya jambo lake, muulize watoto anawaacha na nani.

Wiki za mwanzo mtaa haukunielewa. Mtu mzima akikimbia alfajiri Pemba, basi ama mwizi ama msiba. Siku ya pili tu, nikiwa naipandisha barabara ya Wawi, bibi mmoja akafungua dirisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyejitayarisha, "Nani kafa?" Nikamwambia hakuna, bibi, nafanya mazoezi. Akasema, "Mazoezi ya nini?" Nikajibu huku nimempita, sidhani kama alisikia. Kesho yake alikuwa kibarazani ananisubiri ili amalize swali lake. Baada ya mwezi wakanizoea. Mzee mmoja mteja wangu, mtu wa redio tangu enzi hizo, akaanza kuniita Ikangaa, kwa Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2 dakika 8. Watoto wa mtaani hawamjui Ikangaa, wakalichukua jina hivyo hivyo, na mpaka leo wapo wanaodhani ndilo jina langu.

Novemba ulikuwa mwezi wangu mzuri kuliko yote. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi pembezoni mwa barabara, na harufu yake asubuhi, kukiwa na umande, inashuka mpaka kifuani. Vilima vyetu vya Pemba havina huruma lakini vifupi: unapanda, unalaani, unateremka, unasamehe.

Ukurasa wangu kwenye daftari la madeni niliugundua wiki ya tatu. Kila mwenye duka ana daftari la madeni. Langu ni kauntabuku, kila mteja na ukurasa wake. Siku hiyo nilikuwa natafuta deni la mtu la mafuta ya kula, nikafungua ukurasa wa mwisho kabisa, nikakuta jina langu. Mwandiko wa mke wangu, ule wa kuandikia mafaili ya wagonjwa, umenyooka. Tarehe, saa nilizokuwa nje, na nani kashika nafasi yangu. Jumapili, saa 2 na robo, mimi. Jumanne, saa 1, mdogo wake. Alhamisi, saa 1 na dakika 10, mimi, nimetoka zamu.

Maneno mawili ya mwisho niliyasoma mara kadhaa. Alhamisi ile alirudi kutoka zamu ya usiku, nikampisha mlangoni, nikamwambia narudi sasa hivi. Sikuuona uso wake kwa sababu nilikuwa natazama saa ya kukimbilia kwenye simu.

Nilimwuliza, kwa mzaha, kama na riba ipo. Akasema, "Riba haramu. Lakini deni ni deni."

Tukaendelea hivyo: mimi nakimbia, yeye anaandika. Novemba na Desemba tulikwenda salama. Ilipofika Januari ndipo nilipoharibu.

Alikuwa na wiki ya usiku. Ratiba yangu siku hiyo ilisema kilomita 12, na mdogo wangu alikuwa mjini Mkoani. Saa kumi na nusu nikawachungulia watoto, wamelala fofofo. Nikamgusa mkubwa, nikamwambia natoka kidogo, mwangalie mdogo wako. Akaitikia "mm" ya mtu aliye usingizini, nami nikaihesabu kuwa ni ndiyo. Niliporudi mlango ulikuwa wazi. Kitanda cha mdogo kitupu. Nilimkuta kwa bibi jirani, ng'ambo ya barabara, amepakatwa, ana kandambili mguu mmoja. Alikuwa ameamka, akanitafuta, akafungua mlango akatoka. Ile barabara hupita magari ya abiria yanayowahi Mkoani tangu alfajiri.

Mke wangu alipata habari kwa bibi kabla ya kuzipata kwangu. Hakupiga kelele. Alivua viatu vya kazini, akaenda dukani, akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika tarehe, na pale pa saa akaandika: "Hii hailipiki."

Raba zilikaa msumarini siku tisa.

Aliyezishusha ni yeye. Alisema Moshi nimeshalipia, na mtu aliyeacha mambo nusu nyumbani anakuwa mzigo zaidi kuliko anayekimbia. Sharti likawa moja: akiwa zamu ya usiku, siondoki mahali ambapo mlango wetu siuoni. Basi nikapima uchochoro wetu. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwenye mwembe ni mita 170, kwenda na kurudi 340. Nikawa nakimbia hapo, gizani, kama ng'ombe wa kinu. Mzee wa jirani, akitoka msikitini, alikuwa akikaa barazani na tasbihi yake, akaanza kunihesabia: kila nikigusa mwembe anasukuma punje moja. Punje 33 zilikuwa kilomita 11 na ushei. "Sijui thawabu za hizi zinakwenda kwa nani," alisema siku moja, "lakini umebakisha saba."

Ya mwilini nitayapitia haraka, maana mengi mtayasoma kwengine. Mafuta ya mgando mapajani na kifuani si anasa: siku niliyosahau nilirudi na fulana nyeupe yenye mistari miwili ya damu, wateja wakadhani nimechomwa kisu. Kucha mbili za miguu ziligeuka nyeusi, moja ikaaga. Na nilikuwa nakunywa maji matupu kwa pupa mpaka muuguzi wa nyumbani akanikataza; alinieleza kuwa mtu akikimbia saa nyingi, akatoka jasho huku anajaza maji tu, chumvi ya damu hushuka, na hilo laweza kumlaza hospitali kuliko kiu. Tangu hapo chupa yangu ikawa na maji, ndimu, sukari na chumvi kidogo, na mfukoni tende.

Mbio ndefu kuliko zote nilizifanya wiki tatu kabla ya safari, Jumapili, Chake mpaka Wete, kilomita 30 hivi. Nilifika. Nikanywa dafu, nikapanda gari ya 606 kurudi. Hapo ndipo nilipokosea, maana kukaa kwenye benchi la gari baada ya kilomita 30 ni sawa na kumwagiwa saruji miguuni. Chake niliteremshwa na konda na abiria mmoja, mmoja kila kwapa. Daftari lilisema: saa 6, pamoja na gari.

Moshi nilikwenda peke yangu. Boti kutoka Mkoani mpaka Unguja, kisha Dar es Salaam, kisha basi. Yeye alikuwa na zamu na nauli zilikuwa za mtu mmoja.

Nilijiona mjanja kwa sababu ya vilima. Wenzangu wa Unguja niliokutana nao kule walikuwa wakiogopa mlima wa kuelekea Mweka. Mimi nikasema kimoyomoyo, vilima nimezaliwa navyo. Sehemu ya kwanza, ile ya barabara kuu, ilikwenda kama sherehe. Kisha tukageuzwa juu. Kilima cha Pemba kina mwisho unaouona. Ule wa Mweka unapanda, unapinda, unapanda, migomba huku na huku, watu wanakushangilia, na bado unapanda. Na jua limeshatoka.

Karibu na kilomita ya 31 miguu ilizima. Nilikuwa nimeshaambiwa. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kwa wengi wetu akiba hiyo huisha karibu na hapo. Mafuta bado yapo tele, lakini hayachomeki kwa kasi ileile. Ni kama dukani: sukari ya kaunta imekwisha, ya stoo ipo gunia zima, lakini mwenye ufunguo mzee na anatembea polepole. Kulijua hilo hakukunisaidia chochote. Nilitembea. Mwanamama mmoja wa makamo, mwenyeji wa kule, alinipita na kunipa pole kwa adabu kubwa. Nilikula tende nne, nikatembea, nikakimbia kidogo, nikatembea. Nilimfikiria mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza akiwa wa mwisho na mguu umefungwa bendeji; nikaona haya, kwa sababu mimi goti langu lilikuwa zima.

Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 21. Nilipompigia simu mke wangu aliuliza kwanza kama nimekojoa na rangi yake ikoje. Kisha akasema hongera.

Ramadhani ilianza wiki iliyofuata, miguu ikapata likizo yake. Siku ya tatu ya Idd nililifungua daftari mwenyewe nikajumlisha. Saa 112 za mke wangu. Za mdogo wangu tulikuwa tumeshamalizana, kwa fedha na kwa baiskeli yangu.

Za mke hazitaki fedha. Tulikubaliana saa tatu kila Jumamosi jioni: mimi nashika watoto, chuo cha Qur'ani na kurudi, chakula cha usiku na kuogesha, naye yuko huru. Nilidhani atakwenda kwao, au kwa shoga zake. Jumamosi ya kwanza alifunga mlango wa chumba akalala. Ya pili akalala. Jumamosi ya tano ndipo nilipomwona akivaa buibui na kutoka, na sikuuliza anakwenda wapi. Wiki nyengine zamu huingilia, nyengine duka, kwa hiyo malipo yanasuasua kama ya wateja wangu.

Mwezi wa Septemba 2025, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, akimpita Mjerumani kwa sehemu tatu kwa mia za sekunde, duka lilijaa. Kila mtu anataka Ikangaa wa Machomane atoe maoni. Nikawaambia nilivyoona: mtu amekimbia saa 2 na dakika 9, kisha ushindi ukawa mdogo kuliko kufumba jicho. Mzee wa tasbihi akauliza, "Na yeye nyumbani kwake nani alikuwa akimshikia watoto?" Watu walicheka. Mke wangu, aliyekuwa anapima mchele, hakucheka.

Mpaka naandika haya zimebaki saa 19. Ule mstari wa Januari nilimwuliza majuzi, tukiwa tunafunga duka, tuutie saa ngapi ili hesabu ifungwe. Alichukua kalamu, akautazama, akairudisha kalamu kwenye kopo. "Uache hapo hapo," alisema.

Mwenye duka, Machomane, Chake Chake